Mbuzi wa Ngendo

Mbuzi yule alikula nusu ya somo la Jumapili na wala hakuonyesha kujuta. Ngendo alimkuta kando ya zizi la ng'ombe, kipande cha karatasi ya manila kikining'inia mdomoni, akitafuna polepole kama mzee mwenye meno machache na muda mwingi. Jioni nzima ya Ijumaa Ngendo alikuwa ameinama juu ya karatasi ile, akiandika kwa kalamu nene za rangi: BABA WA MBINGUNI ANAKUPENDA WEWE. Neno la mwisho alilipaka nyekundu, kisha akalizungushia maua. Sasa nyekundu yote na maua yake vilikuwa safarini kuelekea tumboni mwa beberu mweusi ambaye hakuwahi kumfaa mtu yeyote katika boma hili.

"Baba!" alipiga kelele. "Kuja uone mbuzi yako!"

Dedan alikuwa nyuma ya zizi akikatakata majani ya nepia ya ng'ombe kwa panga. Hakuja. Aliinua kichwa tu, akatazama karatasi, akamtazama mbuzi, akamtazama bintiye.

"Mwache," akasema.

"Nimwache? Amekula kazi yangu yote! Kwani huyu mbuzi tunamfuga ya nini? Hakamuliwi, hauzwi, hachinjwi. Kazi yake ni gani?"

"Mwache tu, Ngendo."

Huo ndio ulikuwa wimbo wa Dedan tangu Ngendo apate akili. Mwache mbuzi. Krismasi ilikuja, majirani wakachinja, wao wakanunua nyama buchari huku beberu amefungwa pale akiwatazama. Kiangazi kilikuja, kondoo wakauzwa, hata ndama mzuri akauzwa, beberu akabaki. Akizeeka na kufa, Dedan hakukaa sana kabla hajaleta mwingine, naye mweusi tititi, asiye na doa popote. Ngendo alikua akidhani kuna wanaume wapenda redio na kuna wanaume wapenda mbuzi, na kwamba wa kwao alikuwa wa aina ya pili.

Lakini tuseme ukweli: hasira zake asubuhi ile hazikuwa za manila. Manila huuzwa kila duka pale Othaya. Hasira zilikuwa zimekaa kifuani wiki nzima, na aliyezipanda ni Mzee Waweru.

Huyu Waweru alikuwa mkubwa wa ukoo wa kina Dedan, mtu wa koti zito na maneno mazito, ambaye hujui amefika mpaka umsikie akiomba aongezewe sukari. Alikuja kupanga mambo ya ruracio, ile siku ya kuleta mahari. Mburu, kijana aliyemposa Ngendo, alikuwa mtu wa Mwea, na wazazi wake, wakulima wa mpunga, walitarajiwa mwisho wa mwezi. Waweru alikunywa chai, akafuta mdomo, akauliza kana kwamba anauliza habari za mvua:

"Na nani atapokea hawa wageni?"

"Si baba yangu?" Ngendo alijibu.

Waweru akamtazama Dedan. Dedan akatazama kikombe.

Jambo lenyewe kila mtu kijijini alilijua, na Ngendo pia. Mama yake, Kagure, aliolewa hapa akiwa na mtoto mgongoni, na mtoto huyo ndiye yeye. Dedan aliwachukua wote wawili, akawalisha, akawavisha. Ila kuna kitu hakufanya. Kwa desturi ya Wakikuyu, mtoto wa namna hiyo huchinjiwa mbuzi. Wazee huketi, baba hutamka maneno mbele yao, wajomba wa mtoto hula nyama, na wakishaila hawana madai tena. Mtoto amezaliwa upya katika nyumba ile, kana kwamba hakuwahi kuwa kwingine. Wenyewe husema amezaliwa kwa mbuzi. Ngendo hakuzaliwa kwa mbuzi. Kwa hiyo, Waweru alieleza bila haraka, mbele ya ukoo Ngendo bado ni mtoto wa kwa kina Kagure, na atakayekalia kiti cha baba siku ya ruracio ni mjomba wake, Ngatia. Dedan anaweza kukaa na wageni wengine. Ama asaidie kuchoma nyama.

"Bado kuna wakati," Waweru aliongeza. "Mbuzi ni kitu ya siku moja."

Dedan alisema atafikiria. Wiki ikapita akifikiria.

Ngendo hakuwa mtoto wa kupigwa chenga. Alikuwa mwalimu wa chekechea mjini Nyeri, aliyerudi nyumbani kila wikendi kufundisha watoto wa kanisa, na habari za kuzaliwa kwake alizijua tangu shule ya msingi. Hakuna aliyehitaji kumwambia, jina lilimwambia. Binti wa kwanza katika nyumba hupewa jina la mama ya baba. Yeye alipewa la mama ya mama. Jina la mama ya Dedan lilikwenda kwa mdogo wake, Wangechi, na ndiyo maana Dedan hakuwahi kumwita Wangechi kwa jina. Alimwita Maitu, mama yangu. "Maitu, leo umenipikia nini? Maitu, usinichape, nitaoga." Kitinda mimba, Wambugu, alipewa jina la babu, basi yeye akawa Baba. Chakula kikiwa tayari Dedan alisimama mlangoni akaita: "Maitu! Baba! Ngendo! Kujeni mkule." Majina mawili yamepakwa asali, la tatu limeachwa kavu. Miaka yote Ngendo aliitika hivyo hivyo, akajiambia haumii, na akaumia.

Basi asubuhi ile, mabaki ya manila mkononi, aliamua liwe liwalo.

"Baba, umefikiria?"

"Nini?"

"Unajua ni nini."

Dedan aliegemeza panga ukutani. "Mimi nimeokoka, Ngendo. Ni mzee wa kanisa. Damu ya Yesu ilitosha. Sasa niende nichinje mbuzi, ati ndio wewe ukuwe mtoto yangu?"

"Si ni nyama tu! Wazee wanakula, wanaomba, wanaenda kwao. Hata pasta alikula kwa kina Murugi."

"Hapana."

"Hapana kwa nini?"

"Hapana tu."

Akachukua panga, akampa kisogo, akarudia nepia yake. Ngendo alibaki amesimama na roho juu. Dedan hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Mtu mbaya ungemchukia ukapumzika. Huyu alikuwa amemlipia karo kwa majani chai aliyochuma kwenye baridi, amemsubiri barabarani kwa mwavuli kila muhula ulipofungwa, na bado kitu kimoja kidogo, kitu ya siku moja, kilikuwa kikubwa kuliko yeye.

Kesho yake, kwenye chumba cha mabati nyuma ya kanisa, baridi ya Julai ikiingia kila upande, Ngendo alisimama mbele ya watoto bila manila. Akawaambia kwa mdomo tu: Baba wa mbinguni anakupenda wewe. Msichana mmoja aitwaye Tabby, aliyevaa sweta kubwa kuliko mwili, aliinua mkono.

"Mwalimu, Mungu ako na watoto wengi sana."

"Ndiyo."

"Sasa ananijua mimi, ama anajua tu darasa?"

"Anakujua wewe."

"Anajuaje?"

"Anajua tu."

Tabby alikaa chini bila kuridhika. Ngendo naye akasikia sauti iliyotoka kinywani mwake, akaitambua: ilikuwa ile ile ya nyuma ya zizi. Hapana tu. Anajua tu. Kwamba Mungu anawapenda waumini wake, hilo halikumsumbua. Aliona anawapenda kwa jumla, kama diwani anavyopenda wadi yake. Lakini kwamba kuna wakati Mungu humwaza Ngendo peke yake, kwa sababu ni Ngendo, hilo lilikuwa limemtoka na hakujua lilimtoka lini. Hata maombi yake yalibadilika. Watoto aliwafundisha kusema "Baba yetu", lakini yeye mwenyewe akiomba alianza na "Bwana Mungu" au "Mwenyezi", akilizunguka lile neno jingine kama mtu anayekwepa matope. Na alikuwa amechoka kulizunguka. Alikuwa amechoka, amekasirika, na amechoka tena.

Ibadani mambo yakaharibika zaidi. Mhubiri, mgeni kutoka Karatina, alichagua kuhubiri juu ya kufanywa wana. Hamkuwa watu wa nyumba hii, alinguruma. Mlikuwa wa nje, na Baba hakungoja mbishe hodi. Alitoka mwenyewe akawatafuta, akalipa gharama yote hadharani, watu wakitazama, wengine wakimcheka.

"Amina!" sauti nene ikatoka kwenye viti vya wazee. Ilikuwa ya Dedan. "Amina!" tena.

Ngendo alikikodolea macho kisogo chake mpaka Wangechi akamfinya.

Alijizuia njiani kurudi. Alijizuia wakipika. Lakini Dedan alipoinamisha kichwa kushukuru kwa chakula, akamwita Mungu "Baba wetu mwenye upendo", uvumilivu ukamwishia.

"Amina ya nini, Baba?"

"Nini?"

"Leo kanisani. Umesema Amina kushinda watu wote. Umekubali Mungu alilipa. Alitoa Mwana wake wa pekee, ndio mtu kama mimi aitwe mtoto. Mwana! Na hakuona haya. Wewe beberu mmoja amekushinda. Beberu hata hana kazi!"

Kijiko cha Wangechi kilianguka. Wambugu aliinamia sahani yake kana kwamba kuna kitu kimepotea ndani. Dedan hakupaza sauti, afadhali angepaza. Aliweka sahani chini bado imejaa, akachukua kofia, akatoka. Wakasikia lango likifungwa taratibu.

"Umemaliza?" Kagure aliuliza.

"Bado, Mami."

"Basi malizia kwa kuosha vyombo."

Wiki iliyofuata ilikuwa ya kukereka tangu mwanzo hadi mwisho. Ngendo alimpigia Dedan simu kutoka Nyeri, tayari kuomba radhi kidogo na kugombana kidogo. Dedan aliishika vizuri, akaongea juu ya chai: baridi imechoma majani, kituo cha kupimia majani kimejaa watu, haya basi, kaa salama. Alipopiga tena, Dedan aliongea juu ya ng'ombe. Ungedhani hakuna lililowahi kusemwa mezani. Kisha Mburu naye akapiga kutoka Mwea, mashine ya kukoboa mpunga ikinguruma nyuma yake.

"Si basi mjomba akae tu hapo mbele?" alisema. "Ni kitu ya saa moja. Watu wangu hata hawajui tofauti."

"Mimi najua tofauti."

"Sawa. Lakini usifanye hii maneno ikuwe kubwa, Ngendo."

"Niko na watoto darasani," akasema, akakata simu.

Watoto walikuwa wamelala usingizi wao wa mchana, kimya kabisa. Ngendo alikaa kwenye kiti cha chekechea, magoti yakikaribia kidevu, akalia kwa hasira. Hakuwa anataka mbuzi. Nyama ya mbuzi hata haipendi. Alitaka mtu mmoja asimame mbele za watu aseme: huyu, si mwingine, namtaka huyu. Kama aliyemlea hakuweza kusema hivyo, yeye angemwamini vipi yule ambaye hajawahi kumwona?

Ijumaa Kagure akapiga simu. "Kesho uje mapema. Baba yako ameita wazee."

"Amekubali?"

"Amesema nikuite. Hayo mengine utamuuliza mwenyewe."

Ngendo alifika ukungu ukiwa bado umekalia majani chai. Kando ya zizi palibaki kamba tu. Moshi ulipanda nyuma ya nyumba, na sauti za wazee zilisikika, ya Waweru ikizifunika zote. Jikoni Kagure alikuwa anamenya viazi kwa kasi ya mtu aliyekasirishwa na watu wawili kwa pamoja.

"Kaa hapo," alisema. "Kuna kitu nilikatazwa kukuambia, na nimechoka kukatazwa. Hiyo mbuzi ilikuwa yako."

"Yangu namna gani?"

"Wakati nilikuja hapa, baba yako alinunua beberu mweusi wa kukuchinjia. Waweru akaja na wazee wake. Kila kitu ilikuwa tayari, hata moto. Wewe ulikuwa umelala kwa magoti yake. Sasa Waweru akamwambia maneno ya kusema. Unasema hivi: Huyu mtoto si wangu, ni wa watu, leo nimemzaa. Baba yako akakataa."

"Kwa nini?"

"Ati usisikie."

"Mami, si nilikuwa nimelala?"

"Hivyo ndio Waweru alimwambia. Amelala, na hata akiamka ni mtoto, hajui maneno. Wapi! Akasema hawezi kukuambia wewe si wake ukiwa umemlalia. Akawafukuza. Wazee walienda na njaa, na Waweru hajawahi kusahau hiyo njaa." Kagure alitupa kiazi sufuriani. "Basi mbuzi ikabaki. Nikamwambia auze. Akasema hapana, siku Ngendo atataka mwenyewe, asinipate natafutatafuta mbuzi. Huyo akakufa, akaleta mwingine. Huyo naye akazeeka. Huyu amekula karatasi yako sijui ni wa ngapi."

Ngendo alitazama mlangoni, kule kamba ilikobaki. "Lakini nimemwomba, Mami. Nimetaka mwenyewe. Na akanipa hadithi ya kuokoka."

"Hiyo alishika tu kwa sababu ilikuwa karibu. Alikuwa anaomba hiyo siku isifike. Wewe ndio ukafika nayo, tena na matusi."

Hasira za Ngendo hazikumtoka hapo. Zilipoteza tu pa kukaa. Alimkasirikia Dedan kwa kunyamaza, akamkasirikia mama kwa kutii, akajikasirikia mwenyewe kwa lile neno la beberu asiye na kazi. Kisha akaitwa nyuma ya nyumba.

Wazee walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki na benchi moja la kanisa. Nyama ilikuwa imekatwa na kupangwa juu ya majani ya mgomba. Mjomba Ngatia, aliyetoka Kangari alfajiri, alikaa pembeni akichokonoa meno ambayo bado hayajala kitu. Alikuwa mtu mwembamba asiye na maneno. Dedan alisimama katikati amevaa suti yake ya kanisa, kofia mkononi, na hakumtazama Ngendo.

Waweru aliinuka. Alikuwa amelisubiri jambo hili muda mrefu, na alilianza kwa kukohoa vya kutosha.

"Dedan, leo tumekubaliana?"

"Tumekubaliana."

"Basi sema. Huyu mtoto si wangu."

Dedan alifungua mdomo. Kofia ikazunguka mkononi mwake, ikazunguka tena.

"Nyama inapoa," Waweru alisema.

"Nitasema hiyo ya pili," Dedan akasema. "Hiyo ya leo nimemzaa. Hiyo ya kwanza siwezi."

"Maneno hayana nusu!"

"Basi mimi siwezi."

"Dedan, unanifanyia hivi tena? Nimetoka kwangu na mguu mbaya, na unanifanyia tena?"

Mzee mmoja aliguna. Mwingine alichungulia nyama. Ngendo alihisi damu ikimpanda. Amefika mpaka hapa, mbuzi keshachinjwa, maneno yamebaki machache, na mtu huyu anakwama pale pale alipokwama wakati Ngendo akiwa mtoto. Angekwama hapo mpaka lini? Mpaka watu wa Mwea waingie langoni?

"Baba, si useme tu!" Sauti yake ilitoka juu kuliko alivyotaka. "Najua. Kila mtu anajua. Haitaniuma!"

"Wewe unajua," Dedan alimjibu. "Mimi sijawahi kujua."

"Hujawahi kujua! Kama ni hivyo, kwa nini Wangechi ni Maitu, na Wambugu ni Baba, na mimi ni Ngendo tu? Kila siku, Ngendo, kama mtoto wa jirani! Ulishindwa hata kunitafutia kajina?"

Hakuwa amepanga kusema hilo. Lilikuwa limekaa ndani miaka mingi na lilichagua siku yake lenyewe, mbele ya wazee na nyama. Alitamani ardhi ipasuke. Wangechi, aliyesimama mlangoni na sinia ya viazi, alishusha macho.

Dedan alimtazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Hakuonekana amekasirika. Alionekana ameshangaa, kama mtu aliyeambiwa nyumba aliyoijenga haina mlango.

"Wewe ulikuwa unataka nikuite nani?"

"Sijui. Kitu."

Alifikiria. Dedan alipofikiria hukuweza kumharakisha, na Waweru alijaribu kwa kikohozi akashindwa.

"Nikiita Wangechi," alisema polepole, "ninaita mama yangu. Nikiita Wambugu, ninaita mzee wangu. Nawapenda sana, lakini kila mmoja amesimama na mtu mwingine nyuma yake. Hata ningekuwa baba mbaya, hao ningewapenda kwa sababu ya wale wa nyuma." Akafuta uso kwa kofia. "Wewe nyuma yako hakuna mtu wangu. Nikisema Ngendo, hakuna mwingine naita. Naita wewe. Nilidhani unasikia."

Ngendo alitaka kumjibu, hata kumgombeza kidogo, kwa sababu angeweza kusema haya zamani, wakati wowote, akikata nepia. Lakini alisikia masikioni mwake ule mwito wa mlangoni, Maitu, Baba, Ngendo, akausikia upya wote, tangu utotoni, kila jioni. Lile jina lake lililokuwa kavu halikuwa limepakwa kitu kwa sababu halikuhitaji kuazima asali kwa mtu.

Mjomba Ngatia aliinuka. Akatupa kijiti chake, akasogea kwenye majani ya mgomba, akachagua ubavu mnene, akauma.

"Ngatia!" Waweru alifoka. "Maneno bado hayajasemwa!"

"Yamesemwa," Ngatia alijibu mdomo umejaa. "Mimi ndio wa kudai, na nimesikia. Huyu mtoto ni wao. Mimi sidai kitu." Akatafuna. "Na sitaki nyama baridi."

Waweru alimtazama, akamtazama Dedan, akaitazama nyama. Ilikuwa mara ya pili mtu huyu kumharibia desturi, na uso wake ulionyesha wazi kwamba hatamsamehe hadi kaburini. Lakini mara hii hakuwa radhi kurudi kwake na njaa. Alishusha pumzi ndefu.

"Basi tuombe, tule," alisema. "Ngendo, wewe ndio mwalimu wa kanisa. Omba. Na ufupishe."

Kofia zikavuliwa, vichwa vikainama. Ngendo alifumba macho. Ulimi ulikuwa tayari kuanza na Bwana Mungu, kama ilivyokuwa siku hizi zote, na hapo akamkumbuka Tabby na sweta lake. Ananijua mimi, ama anajua tu darasa? Gharama yote, alivyosema mhubiri, Mungu aliilipa hadharani, watu wakitazama, wengine wakimcheka, na wala si kwa ajili ya darasa.

"Baba," akasema.

Akakwama hapo. Neno lilikaa hewani, moshi ukipita, na hakuna lingine lililokuja kulifuata. Wazee walingoja. Waweru alifungua jicho moja, akaona mafuta yameanza kuganda juu ya nyama, akalifunga tena kwa uchungu. Dedan hakusogea.

"Baba," Ngendo alirudia, taratibu, kama mtu anayebisha kwao. "Ni Ngendo."